Bi Maulida na Watu Wake wa Asubuhi

Hayawi hayawi, yamekuwa. Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi hapa Redio Barazani, Bagamoyo, Bi Maulida Mwinshehe anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu, akiwa na afya njema, sauti nzima, na mdomo ambao haujapata kustaafu wala hautarajiwi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Majaliwa wa mitambo, kazi ya kuandika wasifu wake. Wamekosea. Mimi ni Mnyamwezi na yeye ni Mkwere, na watani hawaandikiani mambo ya heshima. Lakini kazi nimeshapewa, basi vumilieni.

Bi Maulida alizaliwa Miono kwa wakulima wa mahindi na ufuta, akaja mjini kwa kuolewa na marehemu Mzee Mikidadi, fundi wa vitanda na milango. Alianza kazi kama mpokea wageni, enzi zile redio ina vyumba viwili na feni moja, na feni yenyewe ilikuwa ya mtangazaji. Siku niliyoripoti mimi, aliniuliza natokea wapi. Nikasema Tabora. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema kumbe mimi ndiye mjukuu wa yule mpagazi aliyeleta pembe za ndovu hapa pwani akasahau njia ya kurudi. Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mimi nikajua nimefika nyumbani. Tangu siku hiyo hatujawahi kuongea vizuri.

Vijana wa leo hawazijui kadi za salamu. Ulikuwa unanunua kadi dukani, unajaza jina lako, unaandika majina ya unaowasalimu, na chini unaweka ujumbe, mara nyingi methali ya kumchoma mtu fulani bila kumtaja. Bi Maulida ndiye aliyekuwa akizikusanya kadi hizo kutoka madukani, kuanzia Kerege hadi Lugoba, na kuzipanga kwa ajili ya mtangazaji. Siku moja mtangazaji akapatwa na mafua, sauti ikawa kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Ikabidi Bi Maulida asome yeye.

Lahaula! Sitaisahau siku ile. Alisoma kadi ya kwanza, akafika penye shikamoo iliyotumwa kwa mama mmoja wa Kerege, akanyamaza. Kimya. Nikagonga mtambo. Nikatikisa waya. Kwenye redio kimya ni msiba, mhariri akaja mbio na kandambili moja mguuni. Kabla hatujafanya lolote, Bi Maulida akaendelea kusoma kwa raha zake, na kwenye shikamoo ya pili akanyamaza tena. Tulipombana baadaye alitushangaa sisi. Alisema amemwamkia mtu mzima, sasa asimpe nafasi ya kuitikia? Huko kwetu Tabora tunafundishwa adabu gani?

Mhariri alitaka kumrudisha mapokezi siku hiyohiyo. Kesho yake mama wa Kerege akaja mwenyewe ofisini, kavaa vizuri, kutushukuru kwamba kwa mara ya kwanza redio imemsubiri amalize kusema marahaba. Basi Bi Maulida akakaa kwenye kipindi cha salamu na hakutoka tena. Mimi ndiye niliyelazimika kujifunza kuishi na vile vimya vyake, na nimevizoea hadi nyumbani mke wangu ananilalamikia.

Simu zilipoenea, kadi zikafa kifo cha kawaida. Kipindi kikabaki na barua chache za watu waliokataa kununua simu. Hapo ndipo mwanamke huyu, aliyekuwa akimiliki kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichofungwa kwa mpira, alipoingia kwenye kikao cha wahariri na kudai apewe simu ya kupangusa ya ofisi. Akapewa, wakidhani atachoka. Akafungua grupu akaliita Barazani Asubuhi, akawatafuta wale wasalimiaji wake wa zamani mmoja mmoja, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wamejaa pomoni.

Grupu lile halina siasa, halina matangazo ya viatu, na halina video za kusambazwa. Ukituma video ya mtu anayeanguka, Bi Maulida anakuuliza aliyeanguka ni nani yako, na umempa pole? Mazungumzo yake ni ya kawaida kabisa. Nani kaamka vipi. Nani kapika nini. Mvua imefika Miono au imeishia njiani. Hamidu, dereva wa lori anayelaza gari Lugoba, anatuma salamu za sauti zenye honi ndani yake. Mwaka jana ulizuka mjadala kama mchicha uungwe kwa nazi au kwa karanga, ukachukua wiki nzima, watu wazima wakanuniana, mpaka Bi Maulida akatoa fatwa kwamba kila mtu ale cha kwake na anayetaka ugomvi aende akalime.

Usidhani ni porojo tu. Yupo Adila, binti wa Kerege, aliyekwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Miezi ya kwanza alikuwa akiandika neno moja tu kila asubuhi: Nipo. Wengine tungeliona neno hilo tukapita. Bi Maulida hakupita. Kila siku alimuuliza, mwanangu, leo umepika nini, na kila siku yule binti akajibu maneno mawili, kisha matatu, mpaka siku moja akaandika aya nzima kwamba alikuwa analia kila akifungua jiko kwa sababu harufu si ya kwao. Bwana Saleh, mzee wetu wa duka la vitambaa hapa mji mkongwe wa Bagamoyo, ana ndugu hukohuko Muscat. Akamtuma mpwa wake Raghad akamtembelee Adila na sahani ya vitumbua. Siku ile picha ya vitumbua ilipoingia kwenye grupu, nilimkuta Bi Maulida studio anafuta macho kwa ncha ya khanga. Nikamwambia Wakwere hawalii, wanacheza ngoma tu. Akanirushia kifuniko cha chupa ya chai.

Na hapa niseme bila utani. Mzee Mikidadi alifariki miaka sita iliyopita, Mungu amrehemu. Watoto wako mbali na wana maisha yao. Nyumba yao ya Magomeni, hapahapa Bagamoyo, iliyokuwa haikauki wageni, sasa ina mtu mmoja. Watu wa grupu ndio waliokuwa wakinywa naye chai ya asubuhi, kila mtu jikoni kwake.

Februari alikwenda likizo Miono, simu akaiacha ofisini. Meneja wetu, Bwana Abdulswamad, kijana mwema asiyependa mtu akose jibu, akaiwekea simu ile mashine ya kujibu yenyewe. Bwana Saleh akaingia kama kawaida yake na asalaam aleikum. Mashine ikamjibu: Asante kwa kuwasiliana nasi, ujumbe wako utajibiwa ndani ya saa ishirini na nne. Jamani! Mzee wa miaka themanini ametoa salamu mlangoni, anaambiwa asubiri hadi kesho! Akajitoa kwenye grupu saa ileile, na kwa wiki nzima alikuwa akipita mbele ya redio yetu anatazama upande wa pili wa barabara. Bi Maulida aliporudi hakupiga simu. Alikwenda dukani kwake, akakaa kitako kwenye kigoda asubuhi hadi adhuhuri, hasemi neno la kuomba radhi, anamuuliza tu habari za vitambaa, habari za magoti, habari za Raghad. Adhuhuri mzee akacheka mwenyewe. Jioni alikuwa amerudi kwenye grupu. Meneja aliing'oa ile mashine kwa mkono wake, na ameniruhusu niyaandike haya, Mungu ampe moyo huohuo.

Ila utaratibu ni utaratibu. Simu ni ya ofisi, laini ni ya ofisi, na mstaafu hukabidhi vyote. Mwezi wa Mei meneja akatangaza kwamba kuanzia Julai grupu litasimamiwa na kitengo cha mtandao, litabeba pia matangazo, na Bi Maulida ataondolewa kwa heshima zote. Bi Maulida akasema sawa. Alikuwa wa kwanza kusema sawa. Akaanza kuifuta ile simu kwa kitambaa kila jioni kama anayeandaa mtoto wa watu kurudi kwao.

Nikamtania kwamba sasa atapata muda wa kulala, kazi ambayo Wakwere wanaiweza. Hakunijibu kwa utani, na nikaogopa. Alisema hivi: Majaliwa, mshahara siuogopi kuukosa, nililelewa na jembe. Naogopa asubuhi. Nitaamka, nitachemsha chai, halafu nimwambie nani? Miaka yote nimekuwa na jibu la utani kwa mwanamke huyu. Siku hiyo nilitoka nje na simu yangu mkononi.

Nilimpigia Adila. Kumbe huko nyuma wanagrupu wenzangu walishaanza kupanga la kufanya, mimi ndiye niliyekuwa nimelala. Wiki mbili baadaye msafiri kutoka Muscat akaniletea kifurushi, ndani mna simu mpya ya kupangusa, imefungwa kwenye mtandio ili isikwaruzwe. Kazi yangu ilikuwa ndogo. Nilimuomba Bi Maulida kitochi chake nikimdanganya nakitengeneza betri, nikaitoa laini yake nikaipachika kwenye simu ile.

Asubuhi iliyofuata, simu ya ofisi ikiwa tayari imeshakabidhiwa kwa meneja, Bwana Saleh akaandika kwenye Barazani Asubuhi: Asalaam aleikum jamaa zangu. Mwenye nyumba akihamishwa, mgeni habaki kulinda kuta. Akatoka. Akatoka Hamidu. Akatoka mama wa Kerege. Wakafuatana kama watu wanaotoka msikitini, kwa utulivu, kila mmoja na kwaheri yake. Meneja akanipigia simu ya mezani akipiga kelele, Majaliwa, mtambo una nini, watu wanadondoka! Nikamwambia mtambo mzima kabisa, bosi. Kufikia saa sita mchana grupu lilikuwa na watu wawili, yeye na mimi, na mimi nilibaki kwa sababu nalipwa mshahara.

Wakati huo Bi Maulida alikuwa mapokezi, hajui hili wala lile. Nikamwekea simu mpya mezani. Alikuwa bado ananiuliza ni ya nani ilipolia, na juu ya kioo yakatokea maneno: Adila amekuongeza. Miaka yote ni yeye aliyekuwa akiongeza watu. Hakuna aliyewahi kumwongeza yeye. Akafungua, akakuta watu wake wote wamo, wamejipanga kumsalimia kwa zamu, na grupu lina jina la Kwa Bi Maulida. Adila ameandika, mama, leo umepika nini? Basi yule mama akaketi chini, sakafuni, mapokezi, mbele ya wageni, akalia kwa sauti. Nami nililia, nasema wazi, anayetaka kunicheka anicheke.

Kuna jambo la mwisho. Meneja Abdulswamad aliona ukimya wa ofisini unamwelemea. Siku ya tatu akamuomba Adila amwingize, akaingizwa, akaandika kwa adabu: Hodi. Hakuna aliyejibu. Watu zaidi ya mia tano wamo, wote wanatazama vioo vyao, kimya. Akaandika tena: Hodi wenyewe. Kimya. Kila mtu wa pwani anajua hodi ya tatu isipoitikiwa unageuza njia, unarudi ulikotoka. Kijana wa watu akapiga ya tatu. Nikamwona Bi Maulida anavaa miwani, anaandika kwa kidole kimoja, polepole: Karibu mwanangu. Umeamkaje, na umekula nini?

Meneja akajibu kwamba hajala kitu. Ndani ya dakika chache aliletewa mihogo ya nazi na mmoja wa wanachama anayekaa nyuma ya ofisi yetu.

Bi Maulida, Redio Barazani inakushukuru kwa sauti yako, kwa chai uliyotumiminia, kwa wageni uliowapokea hata wale waliokuja kutudai, na kwa kutufundisha kwamba mtu akikusalimu anakupa kitu, na kitu hicho hupokelewa kwa mikono miwili. Ofisi itabaki na simu. Watu umeondoka nao, na ni halali yako. Pumzika Magomeni, lima Miono ukitaka, ukae kwa raha na afya, na Mwenyezi Mungu akuzidishie umri.

Mtani, unajua mila inavyosema. Nyinyi mkifiwa, sisi Wanyamwezi ndio tunaokuja kuzuia jeneza hadi tubembelezwe, na kuwachekesha wafiwa mpaka wasahau. Ni haki yangu, na ukoo wangu wote unaijua. Lakini kwako wewe, nasema mbele ya wafanyakazi wote, mimi sina haraka hata kidogo.