Trei Iliyogeuzwa

Jumanne, tarehe 14 Mei. Tangu alfajiri manyunyu, na baridi ya kuuma vidole.

METRONI: Haloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui.

NESI: Shikamoo mama. Ni mimi, nesi wako wa wodi ya wanawake. Natumia simu ya Profesa, aliiacha mezani.

METRONI: Marahaba. Profesa yule wetu wa kudeki? Mwanangu, niko mkutanoni. Ndiyo kwanza wananiita mbele nisome matokeo ya lile dodoso la usalama wa wagonjwa. Nimetoka nje mara moja tu. Sema haraka.

NESI: Wanampiga, mama.

METRONI: Nani anapigwa?

NESI: Profesa. Wamemng'oa meno. Nimejifungia stoo ya dawa, nawaona kwa tundu la ufunguo. Mmoja kashika chuma cha dripu, anamshushia mgongoni kama anatwanga.

METRONI: Maskini, kafanya nini? Mtu wa ndoo na fagio—

NESI: Kavaa koti jeupe. Asubuhi alifika kalowa, anatetemeka, nikamtolea koti la daktari pale kwenye msumari. Sasa ndugu wa mgonjwa wanadhani ndiye daktari. Kawaambia yeye anadeki tu. Wakamjibu, basi leo utadeki damu yako.

METRONI: Mungu wangu. Na daktari mwenyewe?

NESI: Karuka dirisha. Kaacha kiatu kimoja.

METRONI: Na mlinzi je?

NESI: Mlinzi ndiye aliyemwonyesha daktari njia.

(Kishindo. Vioo vinavunjika.)

METRONI: Nini hicho?

NESI: Kabati. Mama, nisikilize kabla simu haija—

METRONI: Mgonjwa kafa?

NESI: Hajafa. Ndiyo maana nimepiga. Ni yule mama wa kitanda cha tano, anayesubiri upasuaji. Hajala tangu jana jioni. Saa mbili nilimchoma sindano ya maumivu. Saa nne akatoka jasho, akashikwa na degedege, akazima.

METRONI: Sindano ya maumivu haiwezi kufanya—

NESI: Haikuwa ya maumivu.

(Mtandao unakwaruza.)

METRONI: Nakusikia.

NESI: Ilikuwa insulini ya bibi wa kitanda cha nne, mwenye kisukari. Unajua tunavyofanya. Tunavuta dawa mapema, tunazilaza kwenye trei bila jina. Ya kulia kitanda cha nne, ya kushoto cha tano. Profesa akafuta meza, akairudisha trei imegeuka.

METRONI: Basi ni Profesa.

NESI: Profesa aligeuza trei. Aliyechoma ni mimi. Nani aliwahi kumwambia yule mzee kwamba trei ina kulia na kushoto?

METRONI: Sikiliza. Ukiulizwa, sema trei iligeuzwa. Insulini usiitaje mpaka nifike. Chukua dripu ya sukari, mtundikie kimyakimya. Unayo?

NESI: Ninayo mkononi, ndiyo niliyoifuata huku stoo. Lakini kaka yake kasimama kando ya kitanda. Anasema hakuna sindano itakayoingia tena kwa dada yake mpaka mtu amwambie ile ya kwanza ilikuwa nini. Ukisogea bila jibu anakupasua.

METRONI: Mwambie ilikuwa ya maumivu. Mwambie hii ni maji tu.

NESI: Mama.

METRONI: Mwanangu, ukilitamka lile neno watakuua. Na wasipokuua wao, kazi huna.

NESI: Atakayenifukuza si ni wewe? Maana dodoso lilipokuja, swali la saba liliuliza, je, unaogopa kusema ukikosea? Kila mmoja wetu alikuwa na jibu lake. Ukatusimamia nyuma, ukasema wekeni "hapana" wanangu, tusijiaibishe. Tukaweka "hapana". Ndiyo hayo unayokwenda kuwasomea.

METRONI: Asilimia tisini na mbili.

NESI: Hongera.

METRONI: Usinikejeli, binti. Mimi nilitaka—

(Pigo. Mtu analia, kisha halii tena.)

NESI: Profesa kanyamaza. Mama, Profesa kanyamaza.

METRONI: Anapumua?

NESI: Sioni. Naona kiganja tu, hakisogei. Ee Mungu, nishike mkono. Nafungua mlango.

METRONI: Usifungue. Ngoja kwanza niwapigie polisi—

NESI: Nikingoja watakufa wawili. Simu naiacha wazi mfukoni. Niombee.

(Ufunguo. Mlango. Sauti nyingi kwa pamoja.)

NESI: Mwacheni huyo. Ni mtu wa kudeki. Koti nimemvalisha mimi.

KAKA WA MGONJWA: Na wewe ndiye nani?

(Pigo la ngumi. Kitu kizito kinagonga ukuta.)

NESI: Nipige ukishanisikia. Dada yako nilimchoma mimi. Nilimchoma dawa ya mtu mwingine, dawa ya kushusha sukari. Sukari imemwisha mwilini, ndiyo maana kazima. Hii hapa ni sukari. Isipoingia sasa hivi, anakufa.

KAKA WA MGONJWA: Rudia.

NESI: Nilikosea. Nilishika sindano isiyo yake.

METRONI: Haloo? Binti? (Mtandao unakatika, unarudi.) Ee Mola, usimwache. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa hapo. Haloo?

NESI: Shika chupa, kaka. Juu. Juu zaidi. Huo mkono usitikisike.

(Dakika zinapita. Mtu anakohoa. Maji yanatiririka mahali fulani.)

NESI: Mama, upo?

METRONI: Nipo.

NESI: Inaingia. Chupa kaishika kaka mtu mwenyewe. Chuma cha dripu kimepinda, hakitundiki kitu tena. Profesa anapumua, mkono umevunjika. Kope za mgonjwa zimecheza... Kafumbua. Anauliza ni nani hao wanaopiga kelele.

METRONI: Ahsante, Mungu. Na wewe?

NESI: Pua tu. Huyu kaka anaitaka simu.

KAKA WA MGONJWA: Wewe ndiye mkubwa wao?

METRONI: Ndimi.

KAKA WA MGONJWA: Huyu binti nimemtoa damu na bado kaniambia. Wewe ungeniambia?

METRONI: Nisingekwambia.

KAKA WA MGONJWA: Tumemvunja mkono mtu wa ndoo. Hilo nitajibu polisi, sikimbii. Sasa na wewe nijibu. Huyu utamfanya nini?

METRONI: Usikate. Naingia ukumbini.

(Mlango. Viti vinaburuzwa. Minong'ono.)

METRONI: Ndugu wajumbe, niwieni radhi. Matokeo niliyoyashika siyasomi, maana majibu niliyaamuru mwenyewe. Kwenye simu hii yupo ndugu wa mgonjwa wetu. Naomba muwe mashahidi, na Mungu awe shahidi wa kwanza. Nesi aliyekosea leo asubuhi, akasema kweli huku anapigwa, hataondolewa kazini kwa kusema kwake. Kosa lake nitaliandika kwa mkono wangu, na langu nitaliandika juu ya lake. Umesikia, kaka?

KAKA WA MGONJWA: Mimi nimesikia. Sema tena, huyu binti naye asikie. Nimemwekea simu sikioni.

METRONI: Naahidi, mwanangu. Mbele ya watu hawa wote, naahidi.