Mwalimu Adelfina na Ardhi ya Shule ya Kutwa Nyamigogo

Baba Padri, viongozi, walimu, wanafunzi na ndugu waombolezaji, wakubwa wote shikamooni. Mimi ni Frednand, kitinda mimba wa mzee Malongo na mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu spika zikizimika mimi nasikika mpaka Kaniha. Tangu juzi nawasikia wazazi wakiulizana huko jikoni na kwenye maturubai kama ukoo utachukua ardhi ya shule sasa mwenyewe amelala. Jibu ninalo, lakini dada hakupenda mtu aruke mada, kwa hiyo tutaanza pale alipoanza yeye.

Mwalimu Adelfina Malongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 Murukulazo, wilaya ya Ngara, mtoto wa kwanza kati ya watano wa mzee Malongo na mama Odeta. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1959, akitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mimi nikisimulia huwa nasema saa nne kwenda peke yake, leo naogopa kudanganya mbele ya jeneza. Mwaka 1966 alijiunga na sekondari ya wasichana, na mwaka 1971 alimaliza chuo cha ualimu, wakati huo wazazi wetu walikuwa wameshahamia hapa Nyamigogo, naye akapangiwa kufundisha hapa hapa kuanzia Januari 1972.

Tarehe 26 Julai 1975 alifunga ndoa na Bartholomayo Ntakirutimana, fundi seremala, aliyetangulia mwaka 2003, na Mungu aliwajalia watoto wawili, Derick na Joyceline, na wajukuu sita.

Mwaka 1985 watoto arobaini na mmoja walimaliza darasa la saba kwake, akachaguliwa mmoja kwenda sekondari. Dada alikuja kwa baba jioni ile bila hata kukaa, akasema, "Baba, hawa arobaini nawapeleka wapi?" Baba akaita majirani, ikaletwa pombe ya ndizi, akanyoosha fimbo kutoka barabarani mpaka bondeni, akasema hapo pawe pa watoto, watu wakanywa, wakaitikia, wala hakuna aliyeandika hata herufi moja, kwa sababu siku zile neno la mzee mbele ya majirani lilitosha.

Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Wazazi Nyamigogo ilifunguliwa tarehe 12 Januari 1987, vyumba viwili vya udongo na wanafunzi ishirini na watatu, na mwanafunzi namba moja kwenye rejista ni mimi, nendeni ofisini mkaangalie, kidato cha pili mtihani ulinishinda lakini namba yangu haikufutwa. Mwaka 1998 walikuja wafadhili wakitaka kujenga mabweni, dada akakataa, akawaambia, "Mtoto akilala hapa, nani atamfundisha baba yake?" Ndiyo desturi yetu mnayoijua, kila jioni mwanafunzi anamweleza mzazi mada moja kwa lugha ya nyumbani, Kihangaza, Kisubi au Kisukuma, na Ijumaa wazazi wanakuja kwa zamu, wanasimama mbele ya darasa kuieleza. Mzee Bulugu, aliyehamia huku na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, aliulizwa habari ya tumbo, akasema, "Mwalimu, ng'ombe ana matumbo manne, kitabu chako kinaongelea moja, hicho kitabu cha mtu maskini." Watu walicheka, dada hakucheka, alimpa kipindi kizima cha biolojia kidato cha tatu, akaja na tumbo la ng'ombe kwenye karai, na mwaka ule hakuna aliyefeli biolojia.

Sasa nifike kwangu. Baba alifariki mwaka 2010, mwaka uliofuata mimi nikapanda migomba hatua saba ndani ya uwanja wa shule, nikijua hakuna karatasi. Dada hakunigombeza. Aliwatoa kidato cha pili na kamba kwenda kupima uwanja kama somo la hisabati, jioni watoto wakaeleza nyumbani kama kawaida, na Ijumaa zamu ilikuwa yangu, maana binti yangu Nice alikuwa darasani. Dada akaniuliza mbele ya wote, "Baba Nice, uwanja umepungua hatua ngapi?" Nikajibu saba. Akasema, "Sahihi, kaa." Nilikaa, lakini migomba sikuing'oa, nikaitunza miaka kumi na mitatu, kiburi tu.

Dada aliugua kisukari tangu mwaka 2016. Tarehe 20 Januari mwaka huu 2025 alilazwa kwa kidonda cha mguu, nikaenda kumwona, nikamwambia naahidi ile ardhi itabaki ya shule. Akanishika mkono, akasema, "Usiniahidi mimi, Frednand, mimi naondoka. Waahidi wanaobaki." Alifariki tarehe 9 Februari, saa kumi na moja alfajiri.

Basi nawaahidi ninyi. Jana ukoo ulikaa, tukaandika kwamba ardhi yote kutoka barabarani mpaka bondeni ni ya shule, wa kwanza kusaini ni mimi, mzee Bulugu na mwenyekiti wa kijiji ni mashahidi, na karatasi anayo mkuu wa shule. Migomba nimeikata kwa panga langu mwenyewe, ndizi zake ndizo mtakazokula leo. Nilikosa, na nimesema mbele ya watu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wawili kati yao aliwafundisha yeye, majirani waliolala nasi kwenye turubai, walimu wenzake, na wazazi wa Kaniha waliochimba kaburi mvua ikinyesha. Wanafunzi, kesho ni siku ya masomo, mkitoka darasani mrudi nyumbani mkawaeleze wazazi wenu mada ya siku, kama kawaida.

Dada yangu, pumzika sasa kwa amani ya Bwana.