Mzee Heri, Mufungua-Upepo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Juma hili Kasongo imemzika Mzee Heri. Enzi za Wabelgiji alibeba mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Wamaza mpaka Kasongo. Wengi walimwita Mufungua-Upepo, na jina hilo halikuwa la sifa.

Kila mawingu yalipojikusanya, Heri alishuka, akainama kwenye gurudumu, akapunguza upepo. Fssss! Mara mvua. Watu wakanong'ona: "Anafungua upepo, mvua inakuja." Na upepo, kwetu, si wa mpirani tu. Uko na ule wa pepo, unaopanda mutu kichwani.

Mchumba wake alikuwa Apolline. Baba wa Apolline, Raphaël, mpunga wake ulikuwa umesombwa na maji ya mvua. Akaikataa posa.

"Mutu wa mvua? Siku mukigombana, atakunyeshea ndani ya nyumba!"

Apolline mwenyewe alimshuku Heri. Alimvizia njiani. Akaona midomo yake inatikisika juu ya gurudumu. Akajitokeza.

"Heri, unaongea na nani?"

"Na barabara. Naitukana."

"Na upepo unautolea nini?"

"Mupira mugumu ni wa njia kavu. Kwenye utelezi unakimbia kama sabuni. Ukilegea, unakanyaga kwa upana, unashika udongo."

"Maneno matamu. Wachawi wote wako nayo."

Apolline akangoja mvua inyeshe mpaka ikatike. Hapo njia ilikuwa utelezi, na mbinguni hapakuwa na wingu. "Jaza upepo," akaamuru, "unipakie." Heri akajaza. Kwenye mteremko wa udongo mwekundu, gurudumu likateleza. Wote wawili mtaroni! Wakapanda tena juu. Heri akapunguza upepo, wakateremka palepale, polepole, hadi chini. Mbingu zilibaki kavu.

Apolline akaingia kwao na matope hadi kwenye nywele.

"Amekuroga?" Raphaël akauliza.

"Mupira mugumu umeniangusha, baba. Mulaini umenipitisha. Mvua haikurudi. Ipokee posa, ao nimufuate bila posa."

Raphaël akatazama mbingu. "Sawa. Lakini harusini aje kwa miguu."

Wasikilizaji wapendwa, Heri alikwenda kwa miguu. Mama Apolline ametuambia juzi: "Nilimupenda. Lakini kila alipoinama kwenye gurudumu, nilianua nguo kwanza."

Poleni sana, Mama Apolline, watoto na wajukuu. Nasi tujiulize: kijiji kizima kilinong'ona juu ya Heri. Aliyemuuliza alikuwa mmoja tu.