Mgongo wa Subira

Sikilizeni wanangu, na wewe Idrisa acha kuchungulia nje, uketi, gari la wafadhili haliji leo, litakuja Alhamisi, na hiyo Alhamisi sijui kama nitaifikia. Mwanaheri, niinulie mto. Hapo.

Shamba la viazi la bondeni mligawane sawasawa, na jirani yetu Bakari mwambieni nimemsamehe mikaratusi aliyoikata mpakani, ingawa alijua fika ni yangu. Hayo ni mepesi. Zito ni la punda.

Mnajua kikundi chetu cha kuokoa punda kilianza na Subira, niliyemkuta barabarani pale Soni ameanguka chini ya magunia ya kabichi, mgongo umechunika nyama inaonekana, na picha yake ile ndiyo iliyotuletea ruzuku, banda likajengwa, dawa zikaja, nanyi mkapata posho ya kuwatunza punda kumi na mmoja. Mwaka wa pili wageni wakauliza, yule wa kwenye picha yuko wapi? Nikawaonyesha Subira, amenenepa, manyoya yameota. Wakatazamana, wakaandika, wakaenda zao, na mimi usingizi ukanipaa, nikajisemea, punda mzima nani atamtolea fedha? Basi mwaka uliofuata, siku nne kabla hawajafika, nililishusha tandiko la mbao kutoka darini, nikamfunga bila hata gunia la kukinga mgongo, nikampandisha mlima na viazi mpaka kidonda kikafumuka. Wageni wakatoa machozi. Wakaongeza fungu. Na mwaka jana nikarudia.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Wanangu, Subira hakuniinulia hata kwato, alisimama tu akinitazama, na aliyepiga mateke ni mimi. Naona aibu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio changu hiki hapa kimefika.

Idrisa, usiinamishe kichwa. Jana nilisikia ngazi, kisha mbao zikigongana huko darini. Sikulaumu, ulijifunza kwangu. Lakini siku ya maziko yangu mtasimama mtangaze kwamba anayenidai ajitokeze, watu watanyamaza, na Subira atakuwa bandani, hana mdomo wa kudai. Deni lake lilipeni leo. Wageni wakija waambieni yote, mnitaje mimi, na ruzuku ikikatika na ikatike, punda tutawalisha mabua kama zamani... mtawalisha, nilitaka kusema.

Lileteni hilo tandiko. Litieni hapa mekoni, nilione. Mwanaheri, puliza moto, mimi pumzi... Sogea, nikuwekee mkono. Mungu awape riziki isiyomliza kiumbe chake, awazidishie... awape watoto watakaowaambia kweli. Nimewaridhia nyote wawili.

Idrisa, mbona silisikii likialika motoni?

Eeh. Sasa nasikia.

Na kamba zake, mwanangu... usizifiche. Na kamba zake.