Marahaba ya Kinyozi

SHANGAZI: Haloo? Nani huyo?

KINYOZI: Mimi, Shangazi. Shikamoo.

SHANGAZI: Akina mimi ni wengi. Mimi nani, kwa namba nisiyoijua?

KINYOZI: Mtoto wa kaka yako. Kinyozi. Hii ni simu ya Fundi Simu, yangu iko kwenye chaji. Shikamoo.

SHANGAZI: Marahaba nitaitoa nikishakujua. Siku hizi matapeli wanaiba sauti ya mtu, wanampigia shangazi yake, wanalia shida. Nimeona mtandaoni.

KINYOZI: Sina muda, Shangazi, mkutano wa soko unaanza sasa hivi—

SHANGAZI: Na huyu maneno yanamteremka tu, hakwami popote kama wangu. Haya. Darasa la kwanza ulifundishwa na nani?

KINYOZI: Na... ticha. Yule mrefu.

SHANGAZI: Sema mwalimu.

KINYOZI: Kwa nini nise—

SHANGAZI: Sema.

KINYOZI: Mw... mw... Ticha, Shangazi.

SHANGAZI: Ni wewe. Tangu utoto neno la namna hiyo unalizunguka kama dimbwi. Una nini?

KINYOZI: Na marahaba yangu?

SHANGAZI: Ngoja kwanza. Tuanze na ile video.

KINYOZI: Umeiona?

SHANGAZI: Nani hajaiona? Niliitazama huku nashona, nikaufunga mkono wa gauni la watu mwishoni, ukawa mfuko. Unaongea kama bomba limefunguliwa. Unaahidi taa sokoni, choo kipya, mitaro. Machozi yakanitoka. Halafu nikautazama ule mkono ulioshika mashine ya kunyolea. Vidole sita.

KINYOZI: [anacheka kidogo] Fundi Simu alisema hakuna atakayehesabu.

SHANGAZI: Mimi kazi yangu kupima watu. Aliifanyaje?

KINYOZI: Aliipa kompyuta picha zangu na sauti kidogo, ikanitengeneza naongea. Watu wameipenda, Shangazi. Hata wa upande wa mpinzani wangu, Muuza Viatu.

SHANGAZI: Juzi walimpenda mbuzi anayehutubia. Hana hata sera, na bado kanishinda mimi kwa wafuasi.

KINYOZI: Sasa ndiyo maana nimepiga. Leo wagombea tunasimama mbele, tunaongea, halafu kila mtu anapanga mstari nyuma ya anayemtaka. Wote wanamsubiri yule wa kwenye video. Nataka uwaambie nimekauka koo. Wewe wanakuheshimu. Fundi Simu ataicheza kwenye spika kubwa, mimi nitapunga mkono.

SHANGAZI: Upi, wa vidole vitano au wa sita?

KINYOZI: Usinitanie, Shangazi. Naogopa.

SHANGAZI: Unaogopa nini hasa?

KINYOZI: Kuchekwa. Nisimame pale, nikwame, waanze kuhamia kwa Muuza Viatu mmoja mmoja, mimi nawatazama.

SHANGAZI: Unagombea nini?

KINYOZI: Si unajua.

SHANGAZI: Itaje.

KINYOZI: Ile nafasi. Ya kuongoza soko.

SHANGAZI: Yaani unaomba kazi ambayo hata kuitaja umeiachia kompyu— [mikwaruzo] —haloo? Upo?

KINYOZI: Nipo. Mtandao huu.

SHANGAZI: Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Siku ya kumwambia mama yako anataka kumuoa, mimi nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu. Chai ilipoa. Mama yako hakumsaidia hata neno moja. Alikaa tu, akasubiri.

KINYOZI: Hukuwahi kuniambia.

SHANGAZI: Alinikataza. Alisema ukikua atakusimulia yeye. Hakuifikia siku hiyo. Basi, tuache hayo.

KINYOZI: Kwa hiyo... hutawaambia la koo?

SHANGAZI: Sitaki kudanganya watu ninaowapima kiuno. Na hata ningetaka, nimechelewa. Mikono yangu iko kwenye cherehani, simu nimeiweka spika. Mama Mboga amekaa hapa, lile gauni ni lake.

KINYOZI: Amekaa tangu saa ngapi?

SHANGAZI: Tangu shikamoo.

KINYOZI: Shangazi. Huyo ni mtu wa Muuza Viatu, damu damu. Umenimaliza.

SHANGAZI: Tulia, anasema kitu. [sauti ya mbali] Anasema wa kwenye video hamjui. Anamjua aliyemnyoa mwanawe. Eti mtoto alikuwa akiiona mashine analia, wewe ukaizima, ukakaa naye chini mpaka akanyamaza, na wateja wamejaa benchi zima wanang'aka.

KINYOZI: Alikuwa anaogopa ule mlio tu.

SHANGAZI: Haya. Sasa itaje hiyo nafasi.

KINYOZI: Sasa hivi? Na Mama Mboga anasikia—

SHANGAZI: Bora aanze kusikia yeye. Nasubiri.

KINYOZI: Fundi Simu ananionyesha hapa, salio linakwisha—

SHANGAZI: Nasubiri.

KINYOZI: Mw... mw...

SHANGAZI: [kimya]

KINYOZI: Mwe... mwe... mwenye—

[simu inakatika, kisha Shangazi anampigia]

KINYOZI: Haloo? —kiti! Shangazi, nilimaliza, wallahi, salio ndilo lililonikata. Nagombea mw... mwenyekiti. Umesikia?

SHANGAZI: Nimesikia. Na Mama Mboga kashasimama, anavaa viatu alivyouziwa na mpinzani wako, tunakuja kupanga mstari. Gauni lake litasubiri na mkono wake mmoja. Mwambie Fundi Simu aizime hiyo spika yake.

KINYOZI: Wananiita, Shangazi.

SHANGAZI: Nawasikia. Nenda. Ukikwama, kwama. Usiruke neno hata moja.

KINYOZI: Haya. Basi nakwenda. Shikamoo, Shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu.