Wi-Fi ya Papa Célestin Inayomwogopa Fundi

Kama umefika Bwera ya Uganda, mpakani na Kongo, na hujakaa kwenye benchi la Enid, basi umepita tu, hujafika. Kahawa yake hushuka kutoka milimani, na tangawizi anayotia haimwonei mtu haya. Hapo utamkuta Samsoni, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, na Benon tunayemwita Redio, kwa sababu hana kitufe cha kumzima. Alhamisi hiyo Papa Célestin, muuza vitenge kutoka Butembo, alikuja uso umemshuka. Binti yake Rachelle anaolewa Butembo Jumamosi. Barabara ya huko si ya kuaminika, kwa hiyo baba wa bibi harusi ataiona ndoa kwenye simu, na Wi-Fi ya nyumbani kwake hapa Bwera inakatika kila siku. Kando yake alikaa Jonan, fundi wa kampuni ya intaneti kutoka Kasese, helmeti magotini. Alikuwa amekuja kwa mara ya nne.

— Jonan, bana, ile mashini ya Wi-Fi inanichekea, Célestin akasema. Ukiwa kwangu inatumika muzuri. Ukitoka pa mulango, inakufa.

— Papa, hiyo ni ya kizazi kipya! Ile ya zamani ilikuwa na njia moja, ikijaa unakwama. Hii inashika njia mbili tatu pamoja. Moja ikifungwa, inapita ingine. Na sisi kwa ofisi tunaiona ikianza kuugua, kabla mteja hajapiga simu.

— Na yangu munaiona?

— Yako tunaiona imezirai.

Afande akakohoa.

— Mimi najua hiyo kitu. Iko kama kuruta. Ikiona mkubwa, inasimama wima. Mkubwa akienda, inalala. Jonan, acha helmeti yako kwa Papa. Itafikiri bado uko.

— Si hivyo! Redio akadakia. Ni barafu ya Ruwenzori. Jua linaiyeyusha, mawimbi ya intaneti yanalowa. Wazee walisema, penye miti hapana wajenzi.

— Miti imetoka wapi? Enid akauliza.

— Ni methali, Enid. Haihitaji miti.

— Ni watu wa ng'ambo ya mto, kule Kongo, wanaivuta, Afande akasema. Kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ama viboko wa ziwani Kahendero! Redio akasimama kabisa. Kiboko akipiga miayo, ule mdomo wote, mawimbi yataenda wapi? Anayameza!

Tulimwacha akae mwenyewe. Jonan hakucheka.

— Kampuni ilileta hizi mpya ili simu za malalamiko ziishe. Na kweli zimeisha. Bulembia wamenyamaza, Kasese mjini wamenyamaza. Imebaki nyumba moja tu. Jumamosi ikikatika, Papa, mimi sijui nitasema nini kwako.

— Utaniambia pole, Célestin akasema. Na Rachelle atakuwa amekwisha kuolewa.

Mwishoni mwa benchi alikuwepo mama mgeni, Phionah, aliyetoka Nyakalengija na gunia la vitunguu. Alikuwa anapoza kahawa yake.

— Samahani, baba, akasema. Fundi akienda, hicho kidude kinakaa wapi?

— Inarudia mu sanduku.

— Sanduku gani? Jonan akauliza taratibu.

— Sanduku ya chuma. Mugeni akikuja, ninaitosha inje, ninatandika kitambaa, ninaiweka pa meza. Mugeni akienda, ninairudisha, ninafunga kufuli. Waya nilitobolea kashimo nyuma.

Benchi lilicheka mpaka likayumba. Afande alimwaga kahawa yake. Jonan alijishika kichwa.

— Papa! Njia zote tatu umezifungia kufuli! Hakuna kizazi kinachopita chuma!

Phionah peke yake hakucheka.

— Lakini kwa nini sandukuni, baba?

Célestin akazungusha kikombe chake.

— Ile siku ya kukimbia vita kule kwetu tulibeba sanduku. Bintu bya mu sanduku, njo tuko nabyo mpaka leo. Bya pa meza bilibakia. Foto ya mama ya Rachelle ilikuwa pa meza.

Niliona aibu kwa kicheko changu, na nilimpenda yule mzee kuliko siku zote.

— Sasa, akaendelea, nikiiacha pa meza, na tukikimbia tena?

Enid alishika birika akasahau kumimina.

Ndipo Afande, ambaye goti lake bovu humchukua dakika tano kuinuka, akainuka.

— Papa, sikiza. Leo unaitoa, inakaa juu ya meza. Siku ya mbio wewe shika watu wako. Hiyo kitu nitabeba mimi. Hiyo ni amri.

Célestin akaweka kikombe chini.

— Na waya yake?

— Na waya yake.