Kopo la Chumvi la Bi Zehra

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Leo namkumbuka jirani yangu, Bi Zehra, mke wa Bwana Taiyeb, fundi bati wa Temeke. Alifariki Jumanne kwa homa. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Bi Zehra wa Temeke amefariki, Jumanne. Tangu siku hiyo sijalia. Moyo umekaa tu, kama mguu uliokufa ganzi. Basi nitawaeleza mambo kama yalivyokuwa.

Mwaka wa hamsini na moja masika yalikuwa makubwa. Kazi za bandarini zikapungua, na nyumba nyingi za Temeke zikawa hazina cha kuinjika. Ndipo Bi Bernadeta, mama mmoja aliyetoka Masasi, akatoa chumba chake cha nyuma kiwe stoo ya mtaa. Mwenye nacho alete, asiye nacho achukue. Watu wakaleta unga, maharage, mihogo mikavu. Bi Zehra akaleta kopo la chumvi.

Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote ni mama yangu mzazi, Bi Apolonia.

"Mie nimetoa pishi mbili za maharage," alisema, "mwenzangu kaona atoe chumvi. Mkono wa birika huo."

Bi Zehra alikuwa bado mlangoni. Alisikia. Alivuta mtandio wake akaenda zake.

Tusilolijua siku ile ni hili. Kabla ya kuleta kopo, Bi Zehra alikwenda kwanza kwa Bi Avelina, ambaye mumewe alivunjika mguu kazini. Bi Avelina ameniambia mwenyewe: "Aliniuliza, jana mmekula nini? Nikamwambia, maharage ya stoo. Akauliza, yalikuwaje? Nikasema chapwa, chumvi hatuna, watoto wameyaacha sufuriani. Akainuka, akaaga."

Kopo lile lilikwisha siku mbili tu, unga bado upo. Jumamosi iliyofuata akaleta jingine. Miaka minne, wasikilizaji, kila Jumamosi. Bwana Taiyeb alimtengenezea makopo yenye vifuniko vya kubana, chumvi isilowe wakati wa mvua. Safari nyingine alileta viberiti, au sabuni, maana alikuwa amepita tena kuuliza. Mtaa ukamwita Mama Chumvi. Aliitika.

Niliwahi kula kwao. Wao ni Mabohora, na Mabohora huketi kuzunguka sinia moja, na kabla ya chakula kila mtu huonja chembe ya chumvi. Bi Zehra alinisogezea kibakuli. "Anza na hii, mwanangu," alisema. "Hujaonja, hujakaribishwa."

Mama yangu alijua amekosa. "Nitamwendea nimtake radhi," alikuwa akisema. Akasema Pasaka. Akasema Krismasi. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu, na miaka minne hakwenda.

Sie husema mzee fulani kala chumvi nyingi. Bi Zehra hakula nyingi. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Ijumaa nilikwenda kwa Bwana Taiyeb. Nikamwambia, "Makiwa." Akajibu, "Tunayo." Kisha akaendelea kugonga kifuniko cha kopo. Nilikaa hadi akamaliza.

Jana Jumamosi mama alinunua chumvi akaipeleka stoo. Nilifuatana naye. Alitaka iwe ndiyo radhi yake. Tukamkuta Bi Bernadeta ameketi kizingitini. Rafu nzima ilikuwa chumvi. Nilihesabu makopo na vifurushi kumi na kimoja. Mtaa mzima uliwaza alilowaza mama.

"Chumvi tu tangu asubuhi," Bi Bernadeta alisema. "Unga hata kibaba hakuna. Na sina uso wa kuwakatalia."

Mama aliitazama rafu, chumvi yake bado mkononi. Halafu akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Bi Avelina.

"Jana mmekula nini, mwenzangu?"

"Uji, asubuhi."

"Na jioni?"

"Jioni hatukula."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Bwana Taiyeb na wanawe, na ndugu zao wote, makiwa. Mungu amrehemu marehemu. Nawe unayenisikiliza, kabla hujajitwisha kitu kumpelekea jirani, nenda kwanza mikono mitupu. Muulize jana alikula nini. Kaa usikie jibu.

Leo asubuhi mama amepeleka unga. Amenituma maneno niyaseme hapa, nami nayasema kama alivyoyasema yeye: "Bi Zehra, nilikucheka, nawe ulisikia. Nisamehe."

Nimeyasema.